Mtoto Anapoachwa Getini: Mwalimu wa Awali na Mshikamano wa Mtoto



Nimeombwa nizungumzie namna mwalimu wa watoto wadogo anavyoweza kumsaidia mtoto kujenga mshikamano salama na watu wanaomlea. Vyuoni mada hii hufundishwa kana kwamba ni habari ya Ulaya na Marekani. Wanachuo huikariri, wakaijibia mtihani, wakaiacha humo humo ukumbini. Naomba leo nianzie karibu na kwetu, maana sehemu kubwa ya elimu hii ilianzia Uganda.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala pamoja na mumewe, aliyekuwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Alikuwa ametokea London, alikofanya kazi na daktari wa akili John Bowlby. Bowlby wakati huo alikuwa anasema jambo ambalo wenzake wengi hawakulikubali: kwamba mtoto hamng'ang'anii mama kwa ajili ya maziwa tu, bali ameumbwa awe na mtu wa kumkimbilia pindi hofu inapomshika. Ainsworth mwenyewe hakuwa amekubali. Aliondoka London na shaka yake moyoni.

Akatafuta familia katika vijiji vya Waganda vilivyo karibu na mji, akapata 26 zenye watoto ambao bado walikuwa wananyonya. Nia yake ya kwanza ilikuwa kuchunguza kinachompata mtoto anapoachishwa ziwa, kwa sababu aliambiwa kwamba kwa desturi ya huko mtoto akishaachishwa hupelekwa kuishi kwa bibi. Alipofika akakuta desturi hiyo imeanza kufifia, akaamua kutazama tu jinsi mtoto na mama wanavyoishi. Alikwenda kila nyumba takriban kila baada ya wiki mbili, mchana, akiwa na mkalimani, akakaribishwa sebuleni kama mgeni mwingine yeyote. Akafanya hivyo kwa miezi kadhaa. Hakuwa na maabara. Alikaa, akatazama, akauliza, akaandika.

Alichokiona kila bibi wa Afrika Mashariki amekiona, ila yeye alikipa uzito. Mtoto anashuka mapajani mwa mama, anatambaa hadi mlangoni, anashika kiatu cha mgeni, anageuka kutazama kama mama bado yupo. Akimwona, anaendelea na safari yake. Akitokea mtu asiyemjua, anarudi mbio na kulala kifuani mwa mama. Akishatulia anashuka tena. Kwa hiyo mtoto aliyeshikamana vizuri na mlezi wake siye yule asiyebanduka miguuni. Ni yule anayethubutu kwenda mbali kwa sababu anajua pa kurudi. Shaka ya Ainsworth ikaishia hapo, Uganda, na kitabu chake juu ya watoto wale kikatoka mwaka 1967.

Kuna jambo moja ndani ya utafiti ule ambalo mimi, kama mkufunzi wa walimu, sijawahi kulisahau. Ainsworth alijaribu kujua kwa nini baadhi ya watoto walikuwa na utulivu na wengine hawana. Akagundua kwamba akina mama wa watoto watulivu walikuwa na sifa moja: ukiwauliza habari za mtoto, walikueleza bila kukwama. Huyu akilala hupenda kushika sikio langu. Huyu hali ndizi zikiwa moto. Huyu akisikia pikipiki anajua baba amerudi. Mama huyo alikuwa akimtazama mtoto wake siku nzima bila hata kujua kwamba anamtazama.

Walimu, jipimeni kwa kipimo hicho. Fungua daftari lako la mahudhurio, weka kidole kwenye jina lolote la katikati, kisha ueleze habari za mtoto huyo kwa dakika mbili bila kutaja herufi wala namba anazozijua. Anapenda kukaa na nani? Akiudhika anafanya nini? Asubuhi analetwa na nani? Ukikwama kwa majina mengi, basi watoto wengi darasani mwako wanakaa na mtu wasiyemfahamu, kwa sababu mtoto humfahamu anayemfahamu.

Sasa hapa huinuka pingamizi, na nalisikia kila ninapokwenda: mwalimu, mtoto wa Kiafrika hana mama mmoja. Ana bibi, shangazi, mama mdogo, dada wa kazi, jirani. Haya mambo ya mama na mtoto ni ya wenzetu. Pingamizi hili lina haki. Bowlby alimtilia mkazo mama kupita kiasi, na amekosolewa kwa hilo kwa miaka mingi. Lakini tazameni utafiti uliofanywa kwa Wakisii wa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 1986. Kule, mtoto mchanga mama akienda shamba hubaki na mlezi mdogo, mara nyingi dada au binamu, anayeitwa omoreri. Watafiti wakakuta watoto wameshikamana na wote wawili. Ila mshikamano na mama uliendana na hali ya lishe ya mtoto, na mshikamano na mlezi mdogo uliendana na maendeleo yake ya akili. Mama ndiye aliyelisha, omoreri ndiye aliyecheza naye na kuzungumza naye.

Kwangu mimi huo ni ushahidi mzuri kuliko wowote kwamba mwalimu ana nafasi. Moyo wa mtoto una viti zaidi ya kimoja. Mama anayeogopa kwamba mwanawe atampenda mwalimu kuliko yeye aondoe wasiwasi, haiendi hivyo. Lakini angalieni vilevile kwamba omoreri alikuwa mmoja, anayejulikana, yule yule wa jana na wa kesho. Kulelewa na wengi si sawa na kulelewa na yeyote. Bibi na shangazi wana majina na harufu na namna zao za kubeba. Darasa ambalo leo linashikwa na mwalimu huyu, kesho na mwalimu wa zamu, keshokutwa na mwanafunzi wa darasa la saba aliyetumwa kuwanyamazisha, halina mfano katika ukoo wowote ninaoujua.

Twende getini, maana hapo ndipo kazi yetu inapoanza, na hapo ndipo tunapoiharibu.

Ni wiki ya kwanza ya Januari. Mama amekuja na mtoto wa miaka minne, sare mpya, begi kubwa kuliko mgongo. Mtoto ameshika khanga ya mama kwa mikono miwili. Mwalimu anatoka, anamshika mtoto mkono, anamtazama mama na kusema kwa sauti ya chini: "Mama, wewe nenda tu. Pitia huku nyuma asikuone. Atanyamaza." Mama anajipenyeza nyuma ya ukuta wa choo. Mtoto anageuka, khanga haipo. Analia mpaka anatapika. Baada ya nusu saa anachoka, ananyamaza, na mwalimu anamwambia mwenzake, "Si nilikwambia?"

Tumefanya hivyo vizazi na vizazi, kwa nia njema. Lakini fikirini mtoto amejifunza nini asubuhi ile. Amejifunza kwamba ukigeuka kutazama kitu kizuri, mtu wako anatoweka. Kesho yake hatageuka. Hatatazama midoli, hatatazama picha ukutani, atakaza macho kwa mama tangu nyumbani. Na huyo mwalimu aliyemshika mkono wakati mama anatoroka, mtoto amemweka upande gani?

Dawa yake haina gharama. Mama aage. Ainame, amtazame mtoto, aseme anaondoka na lini atarudi. Asiseme "sasa hivi nakuja" wakati anakwenda Kariakoo. Wala asiseme saa sita, kwa sababu mtoto wa miaka minne hana saa. Ana uji, ana wimbo, ana kengele. Aambiwe: "Mkishakunywa uji, mkicheza nje, mkiimba wimbo wa kwenda nyumbani, nitakuwa hapa getini." Kisha aondoke hata kama mtoto analia, na arudi kweli wakati huo. Mtoto atalia, ndiyo. Kilio cha mtoto aliyeagwa ni huzuni, na huzuni ikipata mtu wa kuipokea hupita. Kilio cha aliyetorokwa kina hofu ndani yake.

Ujerumani wana utaratibu uliotengenezwa Berlin katika miaka ya 1980 kwa ajili ya vituo vya watoto. Siku tatu za kwanza mzazi anakaa na mtoto darasani kwa muda mfupi, na hakuna anayejaribu kuwatenganisha. Siku ya nne ndipo mzazi anaaga na kutoka kwa dakika chache, na mwalimu anatazama: je, mtoto anakubali kutulizwa na mimi? Akikubali, muda unaongezwa kidogo kidogo. Asipokubali, wanampa siku zaidi. Najua mtaniambia wazazi wetu wana vibarua na biashara. Kweli. Basi aje bibi, aje kaka mkubwa, aje yeyote ambaye mtoto anamjua, kwa saa moja, siku tatu. Shule ambayo inaweza kumdai mzazi ndoo, fagio na rimu ya karatasi inaweza kumdai saa moja.

Nimesema juu ya kilio. Nataka kusema pia juu ya asiyelia, kwa kuwa huyu ndiye anayetupita.

Ainsworth alipohamia Baltimore, Marekani, alitengeneza jaribio fupi linalojulikana dunia nzima. Mama na mtoto wa mwaka mmoja wanaingia katika chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea, mgeni anaingia, mama anatoka, mama anarudi. Wengi hudhani kipimo ni mtoto kulia mama anapotoka. Sivyo. Kilichotazamwa zaidi ni anachofanya mama anaporudi. Wengine walimkimbilia, wakabebwa, wakatulia, wakarudi kucheza. Wengine walimkimbilia kisha wakampiga mateke, hawatulizwi wala hawataki kuachwa. Na wengine hawakumtazama kabisa. Waliendelea kucheza kana kwamba hakuna aliyetoka wala aliyeingia. Ungesema hao ndio majasiri. Mwaka 1977 watafiti walichapisha matokeo ya kupima mapigo ya moyo ya watoto katika jaribio kama hilo, na moyo wa mtoto huyo mtulivu ulikuwa unakwenda mbio kama wa wanaolia. Alikuwa amejifunza mapema kwamba kuonyesha hakusaidii kitu.

Katika madarasa yetu mtoto wa namna hiyo tunampa zawadi. Tunamsifia kwa mzazi: "Wako hana shida, mpole, hata kulia hajalia." Inawezekana ni mpole kweli, watoto hawafanani, na wapo waliozoea watu tangu nyumbani. Lakini mwalimu asikimbilie kushukuru. Amfuate aliko, akae karibu naye bila maswali mengi, atazame kama akiumia anamwendea mtu yeyote. Mtoto anayeanguka, anachubuka goti, anajifuta vumbi mwenyewe na kwenda kukaa pembeni peke yake, huyo anahitaji mwalimu kuliko anayepiga mayowe.

Kuna neno linalotufunga mikono, nalo ni kudekeza. Mwalimu akimbeba mtoto anayelia, mwenzake anamwambia unamdekeza, atakusumbua mwaka mzima. Baltimore walilitazama jambo hili pia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1972 yalionyesha kwamba watoto wachanga ambao mama zao walikiitikia kilio chao upesi katika miezi ya kwanza ndio waliolia kidogo zaidi mwaka ulipokaribia kwisha. Hao walikuwa wachanga, sisi tuna wa miaka mitatu, minne na mitano, na sidai kwamba ni sawa kwa kila kitu. Ila uzoefu wa walimu hodari niliowatazama unafuata njia hiyo hiyo. Anayempokea mtoto Januari anapumzika Machi. Kumwitikia mtoto si kumpa kila anachotaka. Unaweza kumkatalia pipi huku umempakata.

Nifike kwenye idadi, kwa sababu nawaona mnatazamana.

Kiwango cha Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Mliopo hapa mnajua hali ilivyo: kuna anayeshika 60, kuna anayeshika zaidi ya 100 katika chumba kimoja, wamekaa kwenye jamvi, wengine dirishani. Sitasimama hapa niwaambie kwamba mtu mmoja anaweza kuwa kimbilio la watoto 100. Hawezi. Anayesema upendo unatosha hajawahi kuwapeleka 100 chooni. Suala la idadi ni la bajeti na ajira, na linapaswa kusemwa mbele ya wenye bajeti kila wanapotutembelea, badala ya kuwaimbia ngonjera tu.

Lakini wakati tunasubiri, kuna tunachoweza. Kama mpo wawili, mwalimu na msaidizi, au mwalimu na mama wa kujitolea, gawaneni majina. Nusu ni wako, nusu ni wake. Mtoto ajue kwamba akiumia, akijikojolea, akigombana, mtu wake ni fulani. Uingereza utaratibu wa kila mtoto kuwa na mtu wake umekuwa sharti la vituo vyote vya watoto wadogo, na haukuhitaji jengo jipya. Kama upo peke yako, anza na wale wachache ambao hawajapata utulivu. Wengine wameshikamana vizuri nyumbani na wataweza kungoja. Wape watoto sehemu zao za kudumu kwenye jamvi na majirani wale wale. Simama mlangoni asubuhi, mwite kila mmoja kwa jina lake analoitwa nyumbani, umtazame machoni. Sekunde tano kwa mtoto, na watoto 60 ni dakika tano. Tunapoteza zaidi ya hizo kutafuta chaki.

Na msidharau kazi ambazo tunaziona si za mwalimu. Daktari Emmi Pikler alianzisha makao ya watoto wachanga Budapest mwaka 1946, baada ya vita, watoto wengi hawana wazazi na walezi ni wachache. Hakuwa na uwezo wa kumpa kila mtoto mlezi wa siku nzima. Akaamua kwamba wakati wa kuogesha, kuvalisha na kulisha ndio uwe wakati wa mtoto na mlezi wake, bila haraka, mlezi akimwambia mtoto anachotaka kufanya kabla ya kumgusa. Kwetu wakati huo upo. Mtoto amejikojolea. Unaweza kumwita mbele ya wenzake na kumcheka, au kumtuma dada yake wa darasa la tatu aje amchukue. Au unamshika mkono, unakwenda naye pembeni, unamwambia: "Njoo tubadilishe. Inua mguu. Na huu mwingine. Haya, twende tukaendelee na wimbo." Dakika tatu hizo zina kazi kubwa kuliko somo la asubuhi.

Juu ya fimbo nitasema kwa ufupi, kwani sina la kupamba. Mtafiti Mary Main, mwanafunzi wa Ainsworth, ndiye aliyeeleza pamoja na wenzake kundi la nne la watoto, zaidi ya yale matatu ya jaribio la Baltimore: wale ambao mtu wa kumkimbilia ndiye huyo huyo wa kumkimbia. Mtoto wa namna hiyo anaanza kumwendea mlezi, anasimama katikati, anaganda. Mwalimu wa awali anayeingia darasani na fimbo mkononi anajenga hali hiyo kwa makusudi. Kenya wamepiga marufuku adhabu ya viboko shuleni tangu 2001. Kwa darasa la awali hatuhitaji kungoja sheria. Tunahitaji fimbo ibaki ofisini, na baadaye iondoke hata ofisini.

Kuna pia suala la mtoto kulala mbali na wanaomlea. Mwaka 2023 Serikali ya Tanzania ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Wazazi wengine walilalamika, na wapo walio na sababu nzito. Mimi niliunga mkono na bado naunga mkono. Mtoto wa miaka mitano hawezi kumpigia mama simu usiku. Ila mtoto anayepandishwa basi la shule gizani na kushushwa jioni amelala, akapokelewa na mlinzi, naye tumtazame vizuri. Kisheria anaishi nyumbani, lakini saa zake nyingi za kuwa macho zinapita mikononi mwa kondakta.

Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataja malezi yenye mwitikio kuwa mojawapo ya nguzo zake. Ni maneno mazuri, na yameandikwa kwa Kiswahili kizuri. Kazi ya kuyafanya yaonekane saa moja na nusu asubuhi, mtoto analia na uji haujaiva, iko kwetu.

Na mwalimu naye ni mtu. Anayeishi mbali, aliyecheleweshewa stahili zake, ambaye hakuna anayempokea yeye mlangoni, ataishiwa. Mwalimu mkuu anayepita darasa la awali asubuhi na kuuliza "Umeamkaje, mwalimu? Nani leo amekusumbua?" anawasaidia watoto wale bila kuwagusa.

Hapo nimefika kwa walimu wakuu, na ninawaona watatu au wanne safu ya mbele. Nina ombi kwenu, tena si la fedha. Mkipanga ratiba ya mwaka ujao, darasa la awali lisiwe la mwalimu aliyebaki baada ya wengine kupangiwa. Mpeni anayelitaka. Akishaanza na watoto Januari, msimhamishie darasa la tano Aprili kwa sababu mwalimu wa hisabati amepata uhamisho. Kama ni lazima aondoke, mpeni wiki moja ya kuwaaga watoto kwa jina mmoja mmoja, na anayempokea awepo darasani wiki hiyo hiyo. Na siku ya kwanza ya muhula, geti la awali liwe wazi kwa wazazi mpaka saa nne.